Kifurushi Kikubwa Kigawanywe kwa Kigezo Gani?

Anayependekeza kifurushi kikubwa cha programu kigawanywe huanza, mara nyingi, kwa kutaja ukubwa wake, na kwa maoni yangu hapo ndipo hoja inapoanza kwenda kombo. Megabaiti peke yake haziamui kitu. La kuuliza ni kama yupo mtu anayehitaji sehemu moja bila kuihitaji nyingine, na kama hiyo nyingine inamlazimisha kusakinisha maktaba (misimbo saidizi ambayo programu huitumia) ambazo hatazigusa kamwe.

Tuangalie Vim, programu ya kuhariri maandishi, ndani ya Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Msimamizi wa seva isiyo na skrini anataka kuhariri faili za mipangilio tu, ilhali vim-gtk3, yaani Vim yenye dirisha lake, inadai maktaba chungu nzima za madirisha na michoro. Kwa hiyo watunzaji wa vifurushi hivyo wameitenga na vim ya kawaida, kisha miongozo na kanuni za kupaka msimbo rangi, ambazo ni zile zile kwa zote mbili, wameziweka katika vim-runtime. Kwa kuwa vim-runtime haitegemei aina ya kichakataji, nakala moja ya megabaiti 7 hivi inatosha kwa aina zote 9 zinazohudumiwa na Debian 12, na seva zinazohifadhi nakala za hazina, yaani ghala la vifurushi vyote, hazilazimiki kuibeba mara 9.

Gharama ya kugawa, hata hivyo, humwangukia kila mtu. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000, na orodha yake kuu kwa kompyuta za amd64 inakaribia megabaiti 9 hata baada ya kubanwa. Kila kifurushi kipya huongeza maelezo yake humo, na anayetumia bando atayapakua hata kama hana habari na kifurushi chenyewe. Mtunzaji naye ana mzigo wake: akihamisha faili kutoka kifurushi kimoja kwenda kingine na kusahau kuandika Breaks na Replaces, yaani maelezo kwamba kifurushi kipya kinachukua nafasi ya faili za kile cha zamani, dpkg, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, itakataa kuandika juu ya faili inayomilikiwa na kifurushi cha zamani, na usasishaji utakwama katikati.

TeX Live, mkusanyiko wa programu za kupanga kurasa za vitabu na makala, ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu ni ile ile lakini imekatwa kwa namna mbili. Debian imeipanga katika mafungu makumi kadhaa kufuata matumizi, hivyo anayetaka mtindo mmoja wa kurasa hulazimika kuchukua na mamia ya mingine. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, iliigawa katika maelfu ya vifurushi, jambo ambalo lingekuwa adhabu tupu kama mtumiaji angetakiwa kukisia majina. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba faili ya beamer.cls, mojawapo ya mitindo hiyo, haipo aliweza kuiomba dnf, kifaa cha kusakinishia cha Fedora, isakinishe 'tex(beamer.cls)', nayo ikakitafuta kifurushi husika yenyewe. Ugawaji mwembamba kiasi hicho unavumilika pale tu ambapo kifaa cha kusakinishia kinaelewa jina ambalo mtumiaji tayari analo.

Siridhiki sana na jinsi Debian ilivyoitenga python3-venv, sehemu ya lugha ya Python inayoundia kila mradi mazingira yake. Mwanafunzi anayefuata somo la Python huandika python3 -m venv, akajibiwa kwamba ensurepip, kipande kinachohitajika kwa kazi hiyo, haipo na kuelekezwa kifurushi cha kuongeza. Ujumbe wenyewe uko wazi, lakini mkato umepita katikati ya kitu ambacho vitabu vyote vya Python hukihesabu kuwa kimoja.

Alama za kutafutia hitilafu, yaani taarifa za ziada zinazomsaidia mtaalamu kuona programu imeharibikia wapi, zilipatiwa ufumbuzi bora zaidi. Tangu mwishoni mwa 2015, vifurushi vya -dbgsym vya Debian hutengenezwa vyenyewe na kuwekwa katika hazina ya pembeni, kiasi kwamba asiyevihitaji hapakui hata orodha yake. Hilo liliwezekana kwa sababu hakuna programu inayovitegemea ili ifanye kazi. Maktaba ya kawaida, ambayo programu huitegemea, haiwezi kuhamishiwa huko.