Nilivyochora ndoto ya dakika nne kwenye karatasi moja

Mimi ni mchoraji. Kwenye filamu nimeingilia dirishani. Miaka mingi nimekuwa nikiota nyumba ambayo ngazi zake zinakunywa maji, na kila nilipoichora iligoma. Ikisimama tu, si ndoto tena. Basi nikaamua niichore ikitembea.

Sikuwa na fedha wala watu. Nilijipa moyo kwa Maya Deren, aliyetengeneza filamu yake ya kwanza mwaka 1943 nyumbani kwake Los Angeles, yeye na mumewe, bila studio.

Nikabandika karatasi moja kubwa ukutani, kamera nikaikaza kwenye stendi. Nachora kwa mkaa, napiga picha, nafuta kidogo, nachora tena, napiga. Filamu hupita fremu 24, yaani vijipicha tuli 24, kwa sekunde. Mimi kila picha niliyopiga niliipa fremu mbili, yaani picha 12 kwa sekunde. Dakika nne ni picha 2,880. (Hesabu hiyo usiipige mwanzoni, utaacha.) Mkaa haufutiki wote, nami ndicho nilichoupendea: kila ngazi iliyohama iliacha kivuli cha kijivu, kama mtu aliyetoka chumbani harufu yake ikabaki.

Kazi ya siku tisa za kwanza niliitupa. Nilipoicheza, picha zilipepesa kama taa inayotaka kuungua. Nikailaumu kamera, na kweli ilikuwa inajipimia mwanga upya kila picha. Nikaizuia, nikafunga na fokasi. Bado. Nikaziba dirisha kwa kitambaa cheusi, nikabaki na taa mbili. Kupepesa kukapungua, lakini hakukuisha. Usiku nikakuza picha mbili zilizofuatana, nikaziweka sambamba. Ukingo wa kushoto wa karatasi ulikuwa mweupe zaidi katika moja. Upande niliokuwa nimesimama. Kumbe shati langu! Jeupe pe, linarudisha mwanga kwenye karatasi kila ninapoisogelea.

Tangu hapo nachora nikiwa nimevaa nyeusi. Sakafuni nimebandika kipande cha utepe. Nikimaliza kuchora narudi kusimama papo hapo, ndipo nabonyeza rimoti.

Sauti haikunisumbua. Ngazi zinapokunywa, ni mimi nikifyonza chai ya moto mbele ya maikrofoni, kisha nikapunguza kasi kwa nusu. Rafiki yangu alitazama yote kimya, mwisho akauliza, "Hivi hao ng'ombe uliwarekodi wapi?"