Kodi Yetu na Anga za Juu, Mtazamo wa Mtu wa Malindi

Kila inapotangazwa kwamba serikali imetenga fedha kwa ajili ya setilaiti, jibu linalosikika vibarazani hapa Malindi ni kwamba yatangulie maji, dawa na madarasa, na hizo nyota zitasubiri. Hoja hii ina uzito, wala haikuzuka kwetu. Mwezi Julai 1969, katika mkesha wa kurushwa kwa Apollo 11, Mchungaji Ralph Abernathy aliwaongoza maskini wa Marekani hadi kituo cha kurushia roketi huko Florida, wakiwa na mikokoteni ya nyumbu, wakitaka kujua kwa nini nchi yao inaweza kumfikisha mtu mwezini na haiwezi kuwalisha wenye njaa. Miaka michache kabla ya hapo NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilikuwa ikichukua takriban asilimia 4 ya bajeti ya serikali ya nchi hiyo.

Hata hivyo, sisi hatulitazami jambo hili kwa mbali. Kule Ngomeni, kaskazini ya mji wetu, bado yamesimama baharini majukwaa ya mradi wa San Marco, ambako Waitaliano walirusha setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988. Walichokifuata ni mahali tulipo. Tuko takriban nyuzi 3 kusini ya ikweta, na huku dunia huzunguka kwa kasi inayokaribia kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki huondoka ikiwa tayari imepata msukumo ambao haukulipiwa mafuta, na vipande vyake huangukia Bahari ya Hindi badala ya mapaa ya watu. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kupima miali ya eksirei kutoka angani, miali ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo kimojawapo cha miali hiyo, huenda ni shimo jeusi, yaani kitu cha angani chenye mvuto mkali ambao hata mwanga hauuponyoki, na mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Elimu ilikwenda na wenyewe.

Kwa sababu hiyo mimi naunga mkono fedha za umma kutumika katika anga za juu, lakini si kwa kila kitu kinachoitwa anga. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023 kwa roketi ya kampuni ya SpaceX kutoka California, iligharimu takriban shilingi milioni 50, fedha ambazo ukizipeleka kwenye lami hazikufikishi mbali. Atakayeitetea kwa picha zake pekee atashindwa, kwani picha za setilaiti za Sentinel za Ulaya na Landsat za Marekani hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Faida ninayoiona ni wahandisi Wakenya walioshiriki kuiunda, kwa kuwa nchi isiyo na watu wa kusoma data hupewa picha bure na bado ikaajiri wageni waje kuieleza.

Nahodha mmoja wa hapa, mzee niliyemkuta akiziba mashua yake kwa pamba na mafuta, nilipomweleza haya alinijibu, “Mwanangu, mimi nipe upepo wa kesho, hayo mengine kaeni nayo nyinyi mliosoma.” Nadhani hakutambua kwamba alikuwa akiomba setilaiti. Utabiri wa upepo na mawimbi wakati wa kusi, bahari inapochafuka, hutegemea kwa sehemu kubwa vyombo kama Meteosat, vinavyoendeshwa kwa kodi ya wananchi wa Ulaya. Kasoro ni kwamba utabiri huo aghalabu hutolewa kwa lugha ya ofisini na kwa eneo pana mno, mtu wa mashua ya tanga asipate cha kushika. Ningekuwa mbunge, ningeuliza ni nani atakayeufikisha kwenye mapokezi ya samaki, kwa Kiswahili na kabla ya alfajiri, ndipo niidhinishe chombo kingine.

Kuhusu mazungumzo ya kujenga kituo kipya cha kurushia roketi hapa Pwani, bado sijashawishika. Wakazi wengi wa ukanda huu wanaishi juu ya ardhi wasiyo na hatimiliki yake, na mradi wa namna hiyo unahitaji eneo kubwa la nchi kavu pamoja na bahari ya kufungwa kila roketi inaporushwa. Fedha za umma zisiguswe kwa kazi hiyo kabla ya wenye mashamba kupata hati zao, na wavuvi kuelezwa kwa maandishi watalipwa nini kwa kila siku watakayozuiwa kutoka.