Kilomita Nilizokosa

Jumapili, saa tatu usiku. Zimebaki wiki tatu kamili kabla ya marathoni. Asubuhi nimemaliza mbio ndefu za mwisho, kilomita 32, na kuanzia kesho ratiba inashuka. Miguu imechoka, lakini ni uchovu wa misuli tu. Hakuna mahali panapochoma. Nimekaa na madaftari yangu mawili ya mazoezi, hili la sasa na lile la maandalizi ya kwanza, ambayo hayakunifikisha kwenye mstari wa kuanzia.

Katika daftari lile la kwanza, ukurasa wa wiki ya saba, kuna maneno niliyoyaandika kwa kalamu nyekundu: "Deni: 22." Mafua yalinilaza siku tano, nikakosa mbio mbili za kilomita 6 na moja za kilomita 10. Tangu utotoni nimesikia kwamba dawa ya deni ni kulipa, basi nikalipa. Wiki ya nane ratiba ilitaka kilomita 44, nikakimbia 66. Niliipigia jumla ile mstari mara mbili kwa furaha.

Wiki ya tisa ugoko wa kulia ukaanza kuuma upande wa ndani, mahali padogo ninapoweza kupafunika kwa kidole gumba. Nilijiambia ni misuli. Nikaweka barafu, nikabadilisha viatu, nikaendelea. Kufikia wiki ya kumi na moja paliuma hata nikiwa nimelala. Daktari alipabonyeza mara moja tu, nami nikaruka. Picha ilipotoka akanieleza kwamba mfupa umeanza kupata ufa. Wiki sita bila kukimbia hata hatua moja. Mashindano yalipita nikiwa nyumbani.

Katika wiki zile sita ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani kila anayebandika ratiba ukutani alijue kabla ya kufunga kamba za viatu. Mwili haupati nguvu wakati wa kukimbia. Kukimbia kunauchosha na kuubomoa kidogo. Nguvu huja baadaye, wakati wa kulala na kupumzika, unapokarabati kilichobomoka na kukiongezea uimara. Tena sehemu za mwili hazikarabatiwi kwa mwendo mmoja. Damu na moyo huitikia upesi: ndani ya wiki chache tu za mazoezi, mlima uliokuwa ukikukatisha pumzi unaupanda ukiongea. Kano huchelewa. Mfupa nao huchelewa, na kazi yake ina hatari ya kipekee: kwanza mwili huondoa sehemu iliyochoka, ndipo uweke mpya. Kuondoa huchukua wiki kadhaa, kujenga upya huchukua miezi. Hapo katikati mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi, na wakati huohuo mapafu yanakuambia uko tayari kwa lolote.

Mimi nililipa lile "deni" katika wiki zilezile.

Baada ya kulielewa hilo, neno lenyewe lilinitoka moyoni. Mkopeshaji hayupo. Mbio za Jumanne zilipangwa kwa ajili ya mwili wa Jumanne ile, katikati ya mapumziko ya Jumatatu na ya Jumatano. Ukizihamishia Ijumaa, ukazibana kati ya mbio nyingine mbili, zinakuwa mzigo mwingine kabisa wenye jina lilelile.

Ratiba ya safari hii nimeipanga kwa wiki 18. Siku nne za kukimbia kwa wiki, na kila wiki ya nne mzigo unapungua ili mifupa ipate nafasi ya kumaliza ujenzi wake. Kati ya siku hizo nne, siku moja tu ndiyo ya kasi. Tatu zilizobaki ni za mwendo wa kuzungumza: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, napunguza. Mwanzoni mwendo huo ulinipa shida kwelikweli, kwa kuwa nilikuwa napitwa na kila mtu. Kilichonituliza ni kusoma habari za Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand. Mwanafunzi wake Peter Snell alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mizunguko miwili tu ya uwanja, lakini Lydiard alimkimbiza mbio ndefu za takriban kilomita 35 milimani kujenga msingi kabla ya kumgusisha kasi. Snell akachukua dhahabu ya Olimpiki Roma mwaka 1960. Siku hiyohiyo mwenzake wa kambi ileile, Murray Halberg, akachukua dhahabu ya mita 5,000. Baadaye Lydiard akawafundisha watu wa kawaida, wakiwemo waliowahi kuugua moyo, kukimbia taratibu kwa ajili ya afya tu. Ikiwa msingi ule uliwafaa bingwa wa mita 800 na mzee aliyetoka kuugua, mimi ni nani nione aibu kupitwa?

Mbio ndefu za Jumapili nimezitumia pia kulifundisha tumbo. Wanga uliohifadhiwa mwilini hauwatoshi wengi wetu kwa kilomita zote 42.195, mara nyingi huanza kuisha karibu na kilomita ya 30, na hapo miguu inageuka chuma. Kwa hiyo kila baada ya nusu saa nimekuwa nikila kidogo nikikimbia, nikilenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Mara mbili za kwanza nilichafukwa tumbo vibaya. Sasa linapokea.

Wiki ya kumi mafua yakarudi, kana kwamba yalijua nilikuwa nayasubiri. Wiki nzima ilipotea, pamoja na mbio ndefu za kilomita 28. Nilikata mstari mmoja juu ya ukurasa ule. Wiki iliyofuata nilianza na nusu ya mzigo uliopangwa, kisha nikaendelea na ratiba pale kalenda ilipokuwa, si pale nilipoiacha. Siku saba za kulala haziondoi kazi ya miezi. Uwezo huanza kushuka kwa kiasi cha kuhisika baada ya kama wiki mbili. Hilo nalijua, nimelisoma, nimewaeleza wenzangu.

Hata hivyo usiku huu, nilipofika kwenye ukurasa wa wiki ya kumi, nilijikuta nahesabu. Jumapili ijayo miguu itakuwa imepumzika. Kilomita 28 zinaingia. Ningesimama kwenye mstari wa kuanzia nikijua kurasa zote zimejaa. Wazo lilikuja kwa upole sana, kama ushauri wa mtu anayenitakia mema, na nikatambua kwamba ndilo lilelile la kalamu nyekundu. Hizi wiki za mwisho nadhani ni ngumu kuliko zile za kilomita nyingi, maana hofu inapata muda wa kuzungumza.

Wiki ya kilele ilikuwa kilomita 56. Ijayo ni 42, halafu 30, halafu siku chache za kujinyoosha na mbio fupi. Kasi kidogo inabaki ili miguu isisahau, lakini umbali unashuka.

Nimechukua kalamu ya kawaida na kuandika wiki ijayo:

Jumatatu, pumzika. Jumanne, 8 polepole. Jumatano, pumzika. Alhamisi, 10, nne za mwisho kwa mwendo wa mashindano. Ijumaa, pumzika. Jumamosi, 5 polepole. Jumapili, 19.

Ukurasa wa wiki ya kumi nimeuacha na mstari wake. Nakwenda kulala.