Damu ilikatika yenyewe, nikadhani nimepona

Mara ya kwanza ilikuwa Machi 2021, alfajiri, choo cha nje, tochi ya simu mkononi. Mkojo ulitoka mwekundu kama maji yaliyooshewa nyama. Haukuchoma. Kiuno hakikuuma, tumbo halikuuma, homa hakuna. Jana yake mke wangu alikuwa ametengeneza juisi ya bitiruti, nikajiambia ni hiyo. Mchana ukatoka mwekundu tena, safari hii na kibonge cheusi kama kipande cha ini. Bitiruti haitoi mabonge.

Nilikwenda duka la dawa. Nilimweleza yule kijana kwa sauti ya chini, maana nyuma yangu alikuwa amesimama mzazi wa mwanafunzi wangu. Akanipa sipro, vidonge vya kuua bakteria, za siku tano. Siku ya pili damu ikakatika, nikamaliza dozi, nikamshukuru Mungu. Novemba ikarudi. Nikaenda zahanati moja, wakachovya kijiti kwenye mkojo, nikaambiwa, "Mwalimu, mkojo wako mchafu, hii ni UTI," yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Sindano asubuhi na jioni kwa siku tano. Siku ya tatu damu ikakatika. Juni 2022 ikarudi tena, nzito kuliko zote.

Naomba unielewe vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza miezi kumi na tano. Damu ya namna ile hukatika yenyewe. Ingekatika hata kama ningekunywa maji matupu. Daktari alikuja kunieleza kwamba kitu kilichoota ndani ya kibofu huvuja, hukauka, hukaa kimya wiki au miezi, kisha huvuja tena. Ukiwa umemeza kidonge siku mbili kabla hakijakauka, sifa zote zinakwenda kwa kidonge. Na kwa kuwa hakuna maumivu, hakuna kinachokusukuma kurudi. Mimi nilikuwa nadhani ugonjwa usiouma ni ugonjwa mdogo. Kwenye mkojo ni kinyume: damu yenye maumivu makali inaweza kuwa jiwe au maambukizi, lakini damu isiyouma kwa mtu mzima ndiyo inayomfanya daktari aache alichokuwa anafanya na kukusikiliza.

Kuna sababu nyingine ya mimi kutostuka, na watu wa kwetu wataijua. Nimekulia Maswa. Tulichunga ng'ombe, tukaogelea kwenye lambo, tukapandikiza mpunga kwenye majaruba maji yakiwa magotini. Nikiwa darasa la nne, wavulana tulikuwa tukijipanga nyuma ya darasa saa sita mchana, na karibu nusu yetu matone ya mwisho yalikuwa mekundu. Wakubwa walituambia ndiyo kuwa mwanaume. Hakuna aliyelia wala aliyepelekwa hospitali. Kilikuwa kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ukiwa umesimama kwenye maji, hukua kuwa minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai hupasua ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Mengine hayatoki. Hunasa humo, hukauka, na ukuta huanza kukakamaa. Kwa hiyo mtu aliyekua akiona damu kwenye mkojo wake kama jambo la kawaida, akiiona tena na miaka 47, akili yake haimwambii kukimbia.

Mke wangu ndiye aliyenigundua. Aliona doa kwenye nguo za kufua, akanijia nalo mkononi. "Baba, hii ni nini?" Niliona machoni mwake anafikiri kisonono. Nilikaa naye kitandani nikamweleza yote, tangu Machi ya mwaka uliopita. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kesho hatuendi duka la dawa."

Akaniambia niandike. Yeye huandika kila kitu cha kuku wake, siku walipoanza kukohoa, walikula nini, akaona hata mimi naweza kuandikwa hivyo. Nilichukua daftari la shule. Nikakata shingo chupa ya maji ya nusu lita ili nione rangi vizuri kwenye mwanga, na kila nilipokwenda haja ndogo niliandika tarehe, saa, damu imeanza mwanzoni, katikati au mwishoni, kuna bonge au hakuna, inauma au haiumi. Ukurasa wa pili nikaandika dawa zote nilizomeza na siku damu ilipokatika. Ukurasa wa tatu, kwa aibu kidogo, nikaandika kwamba nimevuta sigara miaka kumi na minane.

Hospitali ya wilaya, daktari kijana alilisoma lile daftari mstari kwa mstari. Alinieleza kwamba damu ya kichocho mara nyingi hutoka mwishoni mwa mkojo, lakini yangu ilitoka tangu mwanzo hadi mwisho, na mabonge. Aliuliza kuhusu sigara, nikamwonyesha ukurasa. Akanituma altrasaundi, ninywe maji mpaka kibofu kijae. Mpimaji alisogeza kile kifaa chini ya kitovu, akakirudisha, akakituliza sehemu moja. "Kuna kitu kimeota ukutani, kama sentimita mbili." Figo zilikuwa salama. Wiki ile ile nikaandikiwa rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, hospitali ya Bugando, Mwanza. Sikuwahi kujua kwamba yupo daktari wa mkojo peke yake.

Benchi la kliniki ile lilinifundisha mengi. Kushoto kwangu alikaa mzee mwenye mpira wa mkojo, mfuko umefungwa pajani chini ya kanzu. Alikuwa akiamka mara tano usiku, mkojo unatoka kwa kukatikakatika, akajua ni tezi dume, lakini akaogopa kipimo cha kidole, kile cha kupitia njia ya haja kubwa. Akaahirisha miaka mitatu. Usiku mmoja mkojo ukafunga kabisa, tumbo likajaa mpaka akawa analia kama mtoto. "Kile kidole ni dakika moja, mwanangu," aliniambia. "Usiku ule ulikuwa mrefu kuliko maisha yangu yote." Mbele yetu walikaa kijana na mkewe, ndoa ina miaka miwili bila mtoto. Mke alikuwa amezungushwa kwenye vipimo peke yake kwa mwaka mzima kabla ya mtu kusema na mume apimwe manii. Wakakuta mishipa ya korodani imevimba. Alikuwepo pia mama mmoja mwenye UTI ya kila mwezi, ambaye chanzo chake kilikuwa jiwe kwenye figo. Alisema alichelewa kwa kuwa aliamini kliniki ile ni ya wanaume.

Lakini aliyenikaa moyoni ni mama aliyekuwa na mwanawe wa miaka kumi na nne. Mtoto aliamka saa nane usiku, korodani moja inamuuma ghafla, anatapika. Aliona haya kumwambia mama, akasubiri baba arudi kutoka safari, kesho yake jioni. Korodani ilikuwa imejisokota, damu haifiki. Daktari aliwaambia kuna takriban saa sita za kuiokoa. Iliondolewa, na ile nyingine ikashonwa mahali pake ili nayo isije ikajisokota. Mama yule alikuwa akisimulia kwa kila aliyekaa karibu naye, na nilielewa kwa nini. Nami nasimulia kwa niaba yake: mwambieni mtoto wa kiume kwamba maumivu ya ghafla pale hayasubiri asubuhi.

Zamu yangu ilipofika, bingwa aliniambia ni lazima aone ndani kwa kamera. Nilikuwa nimeogopa jambo hili kuliko lolote, kwa hiyo nitaeleza lilivyo. Unalala chali. Wanasafisha, wanaingiza jeli ya ganzi kwenye njia ya mkojo, wanasubiri dakika chache. Kisha kamera nyembamba inapita. Kuna mahali panabana, ukiambiwa vuta pumzi, vuta. Halafu maji yanaingia na unahisi kama umebanwa mkojo safari ya basi. Haikuwa na maumivu niliyoyatarajia. Daktari aligeuza skrini kidogo nikaona. Ukuta wa kibofu changu ulikuwa wa waridi, na sehemu za chini zilikuwa na madoa meupe yenye unjano, kama mchanga ulionyunyizwa ukagandia. "Haya ni mayai ya kichocho cha utotoni mwako, baba," alisema. Pembeni yake kidogo, kitu kilichoota kikipepea taratibu ndani ya maji, vijani vingi vyembamba, mfano wa mimea ya ziwani. Kizuri kukitazama, na ndicho kilichokuwa kinanivujisha damu.

Kilitolewa wiki mbili baadaye, kwa njia ile ile ya mkojo, bila kisu tumboni, kwa ganzi ya mgongo. Nililala siku tatu na mpira unaopitisha maji ya kusafisha kibofu, maji mekundu yakageuka ya pinki, kisha meupe. Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu. Ni saratani, lakini ilikuwa kwenye utando wa ndani tu, haijazama kwenye msuli wa kibofu. Daktari alisema tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti ya kubaki na kibofu au kuondolewa. Sigara niliacha siku ile. Nikapewa pia dawa ya kichocho, prazikwanteli, vidonge vitano vikubwa kwa uzito wangu, na ratiba ya kurudi kwenye kamera baada ya miezi mitatu.

Kabla hatujaondoka, daktari alimgeukia mke wangu. "Na wewe mama, ulikulia wapi?" Kijiji cha jirani, majaruba yale yale. Akamuuliza maswali mawili matatu kwa upole. Kwa miaka mingi mke wangu alikuwa na maumivu na damu kidogo baada ya tendo la ndoa, na mara nne alikuwa ametibiwa magonjwa ya zinaa, akarudi nyumbani kimya akinitazama. Nami nilikuwa nikimtazama. Alipelekwa kwa daktari wa wanawake, akakutwa na madoa yale yale ya mchanga kwenye mlango wa kizazi. Kichocho. Njiani kurudi Maswa hatukuzungumza sana, ila alinishika mkono kutoka Mwanza hadi tunashuka.

Kamera zangu zote mpaka sasa zimekuwa safi. Naendelea kwenda.

Mwaka huu, siku ya dawa za kichocho shuleni, mimi ndiye niliyeshika fimbo ya kupimia urefu. Watoto hunywa uji kwanza, kisha husimama kwenye fimbo, alama ya kichwa ndiyo inayosema vidonge vingapi. Ni vichungu na vikubwa, wengine hulia. Mvulana mmoja wa darasa la nne alimeza vyake, akabaki pembeni mpaka wenzake walipoondoka. "Mwalimu, wangu huwa mwekundu mwishoni. Kaka amesema nimekuwa mkubwa."

Nilichuchumaa nikamuuliza tangu lini, nikaandika kwenye daftari langu lile lile, ukurasa mpya. Jioni nilikwenda kwao. Baba yake tulichunga naye kwenye lambo moja. Nilimweleza habari ya mtoto, akanisikiliza, akaitikia. Kisha nikamuuliza na wa kwake uko vipi, akatazama chini muda mrefu kabla hajanijibu.