Mjazo wa bata mzinga, na firigisi ya mjomba

Krismasi ya mwaka juzi nilimpikia mjomba wangu bata mzinga nikaharibu mambo mawili kwa mpigo. Mkate niliomjazia ndani ulitoka umelowa kama uji wa mgonjwa, na firigisi niliikatakata nikaichanganya humo humo.

Hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi. Kwetu Masasi, kama kwa watu wengi wa kusini, mjomba si mgeni wa kupita njia. Ndiye msemaji wetu upande wa mama. Siku ya posa yangu yeye ndiye aliyekaa mkekani kupokea maneno, na hakuna harusi wala msiba unaopangwa kabla hajaambiwa. Firigisi ni yake, hata kuku awe mdogo vipi. Siku ile alikuja kwa basi kutoka Newala, akanawa, akaketi, akawa anapekua sahani yake taratibu kwa uma. Kisha akauweka uma chini, akanywa maji. Hakusema neno. Ningefurahi kama angenigombeza.

Upishi huu nilifundishwa kwa simu na dada yangu mkubwa, ambaye alipika miaka mingi nyumbani kwa familia ya Wamarekani Dar es Salaam. Wamarekani humla bata mzinga Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na Waingereza humla Krismasi. Tumboni mwake hujazwa mkate mkavu uliochanganywa na vitunguu, siagi, seleri, supu na majani ya seji. Kusini mwa Marekani wengi hutumia mkate wa mahindi. Waingereza hupenda kuongeza nyama ya soseji au njugu za chestnut. Sisi nyumbani tunauita mjazo, na hapa nitauita hivyo hivyo.

Nilipomwambia dada kwamba seleri na seji sokoni kwetu sijaziona, akanijibu, "Mdogo wangu, hayo ni manukato tu. Shika mkate mkavu na supu nzuri, mengine utayapata uani kwako."

Mwaka juzi sikumsikiliza vizuri. Nilichukua mkate laini wa dukani, wa asubuhi ile ile, nikaurowesha kwa supu. Nikamshindilia bata kwa ngumi mpaka ngozi ikavutika. Tena nilifanya hivyo jioni ya tarehe 24 ili kesho yake nisihangaike, nikamweka kwenye friji, na usiku umeme ukakatika kwa saa nyingi. Kesho yake nyama ya nje ilikuwa imeiva sawasawa, lakini katikati ya mjazo palikuwa vuguvugu na kijivu. Dada alipopata habari alinigombeza kwa kweli. Maji ya nyama mbichi yananyonywa na mkate, akasema, na mkate ukilala na unyevu ule kwenye joto, vijidudu vinazaliana. Halafu ukishindilia, moto haupenyi: nyama inaiva, moyo wa mjazo unabaki mbichi. Mungu alituepusha, hakuna aliyeugua, lakini watoto walikuwa mezani na mimi nililiwaza jambo lile wiki nzima.

Kwa hiyo mwaka jana nilianza mapema. Novemba nilijaribu kwa jogoo. Nilifikiri kwa kuwa sisi ni watu wa nazi, nitumie tui badala ya supu. Usijaribu. Mkate ulikuwa mzito, mafuta ya tui yalijitenga yakaelea pembeni, na ladha ilikuwa ya mkate wa nazi uliokosa sukari. Nazi nikairudishia wali wake. Lakini siku ile ile nilitupia konzi moja ya korosho, na hapo nikajua nimepata. Kama Waingereza wana chestnut zao, sisi tunakaa katikati ya mikorosho. Tena ukiangalia asili, bata mzinga ametoka Amerika, na mkorosho umetoka Brazil; Wareno ndio walioufikisha pwani hii katika karne ya 16. Wawili hawa walitoka upande mmoja wa dunia, wakakutana kwenye sufuria yangu Masasi.

Korosho za mjazo hazihitaji kuwa nzima. Nilikwenda kwa bibi mmoja mtaani kwetu anayebangua nyumbani, nikanunua robo kilo ya zilizovunjika, ambazo bei yake ni nafuu. Nilimkuta kazini. Alikuwa na kipande cha bati kuukuu juu ya mafiga matatu, korosho ghafi zimetandazwa, anazigeuzageuza kwa mti mrefu. Maganda yakishika moto hutema mafuta, na mafuta yale huwaka na kurusha cheche. Yakikugusa yanaunguza ngozi na kuacha doa jeusi. Moshi wake mzito hausogelewi. Zilipowaka zote akapindua bati mchangani, akazifukia kwa mchanga moto ukafa. Kisha akakaa na jiwe, akajipaka majivu vidoleni, akaanza kugonga moja moja: ko, ganda linapasuka, punje inatoka. Vidole vyake vina rangi ya mkaa mpaka kwenye kucha. Nilipomlipa nilimwongezea kidogo, akacheka, akasema, "Mwanangu, Krismasi njema." Yeye ni Mwislamu.

Na hilo linanikumbusha jambo ambalo kwetu halina mjadala. Soseji za nguruwe, ambazo Waingereza wengi huziweka kwenye mjazo, mimi sikuziwazia kabisa. Mlango wa kushoto na wa kulia kwangu ni Waislamu, na siku ya Idi sisi tunakula kwao. Bata tulimwomba mzee jirani atuchinjie, ili sahani zitakazovuka ua zisimtie mtu wasiwasi. Alikuwa dume tuliyemfuga wenyewe uani. Baada ya kunyonyolewa na kutolewa matumbo alipimwa kilo 6.

Mkate nilianza kuukausha siku tatu kabla. Mikate miwili ya slesi, ya gramu 400 kila mmoja, nikaikata vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole gumba, nikavitandaza kwenye ungo mbili juani na kuvifunika chandarua kwa sababu ya nzi na kuku. Desemba kwetu mvua haina adabu, ikitoka upande wa milimani inakuja mara moja, kwa hiyo binti yangu mkubwa alipewa kazi ya kukaa macho. Siku ya pili ilinyesha kutwa; vipande nikavimalizia kwenye sufuria pana kavu juu ya makaa mafifu. Usidanganywe na nje. Chukua kipande kimoja, kivunje, utazame moyo wake. Kama bado kinabonyea, hakijawa tayari. Kilichokauka hasa ukikiangusha mezani kinalia.

Supu nilipika usiku wa kuamkia sikukuu, kwa shingo, ncha za mabawa, moyo, kitunguu na karoti, kwa moto mdogo, karibu saa mbili. Firigisi niliisafisha mwenyewe, nikaitoa ngozi yake ya manjano ya ndani, nikaichemsha humo ikiwa nzima. Ilipolainika nikaitoa nikaiweka kwenye bakuli lake peke yake, nikaifunika na kuitia kwenye friji. Watoto waliambiwa: hii haina mwenyewe mwingine.

Tulirudi kutoka Misa ya usiku, tukalala kidogo, na alfajiri nikawasha jiko. Gramu 200 za siagi, vitunguu maji vikubwa vinne, pilipili hoho mbili za kijani badala ya seleri, na mashina ya giligilani yaliyokatwa madogo. Hapa pasikuharakishe. Vitunguu nilivikaanga nusu saa nzima mpaka vikawa laini kama vimeyeyuka, bila kuvipa rangi, ndipo nikatia vitunguu saumu, rozimeri ya uani, pilipili manga nyingi, nyama ya shingo niliyoichambua, moyo uliokatwa, na maini niliyoyageuza haraka kwenye siagi hiyo. Vyote nikavimwaga juu ya mkate mkavu kwenye beseni.

Supu ndiyo yenye kuharibu watu. Mimi niliitia ya moto, nusu kikombe kwa nusu kikombe, nikigeuza kwa mwiko na kuacha kidogo mkate unywe. Iliishia vikombe vitatu. Kipimo changu ni kiganja: ukifinya konzi moja ishikane, lakini maji yasichuruzike kati ya vidole, na ukiiachia juu ya beseni ivunjike. Nilionja chumvi hapo, kabla ya kutia mayai mawili yaliyopigwa. Korosho zikaingia mwisho kabisa, zilizopondwa nusunusu, ili zibaki na mlio wake mdomoni.

Nyumbani sina jiko la kuokea linalomtosha bata wa kilo 6. Mwoka mikate wa mtaa wa pili ana tanuri la matofali, na alikubali kunipa nafasi akimaliza mikate ya asubuhi. Tulikwenda kwa bajaji, mume wangu amepakata bata ndani ya sufuria, mimi nimepakata hotipoti yenye nusu ya mjazo, bado wa moto. Nilimjazia pale pale mdomoni mwa tanuri, kwa kijiko, bila kushindilia, nikaacha nafasi ya kuingiza vidole vinne. Mjazo wa moto ukiingia tanurini mara moja hauchelewi kuiva kama ule uliopoa. Nikamfunga miguu kwa uzi, nikampaka siagi, nikamfunika kwa foili, akaingia saa tatu asubuhi.

Saa saba kasoro alikuwa na rangi ya asali. Mwoka mikate akasema tayari, na mimi macho yangu yaliniambia tayari. Lakini dada alikuwa amenitumia kipimajoto cha nyama kutoka Dar es Salaam, kile chenye sindano ndefu. Pajani kikasoma nyuzi 82. Nikakizamisha katikati ya mjazo: 63. Inatakiwa ifike 74 ndipo vijidudu vife. Nilikitoa nikakifuta, nikakizamisha tena pembeni kidogo, 64. Yaani bila sindano ile ningewapelekea wageni wangu kosa lile lile la mwaka juzi, safari hii likiwa limevaa ngozi nzuri. Kumrudisha bata mzima kungekausha kidari, kwa hiyo nikauchota mjazo wote kwa kijiko, nikautandaza kwenye bati la mkate, ukarudi tanurini peke yake. Baada ya robo saa ulisoma 79, na juu umeanza kukamata rangi.

Nusu nyingine binti yangu aliipika nyumbani kwenye sufuria iliyopakwa siagi, makaa machache chini, na mengi amepalia juu ya mfuniko, kama anavyopika mkate wa kumimina. Sasa niseme kweli: ule wa sufuria ulikuwa mtamu kuliko wa tumboni. Wa tumboni una utajiri wa mchuzi wa nyama, lakini wa sufuria umeshika ukoko chini na juu, na korosho za pembeni zimegeuka kahawia. Mwakani ndani ya bata nitatia kitunguu na rozimeri tu, mjazo wote uende kwenye sufuria.

Mjomba alifika kabla ya saa nane, viatu vimeshika udongo mwekundu wa Newala. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?" Tuliomba, nikagawa. Sahani yake niliipeleka mwenyewe kwa mikono miwili na kupiga goti: paja, wali, mjazo, na juu ya vyote firigisi nzima, niliyoichemsha tena kwenye supu na kuipaka siagi na pilipili manga. Aliitazama. Akanitazama mimi. Akaikata katikati kwa kisu, nusu akala, nusu akaiweka kwenye sahani ya mwanangu wa mwisho aliyekuwa amekaa karibu naye, akasema, "Huyu naye atakuwa mjomba wa watu."

Masalio niliyatoa mezani mapema nikayatia kwenye friji, maana joto la Masasi la mwezi huo halisubiri. Nilipokuwa jikoni nafunika vyombo nilisikia mwiko unakwangua. Mjomba alikuwa ameivuta ile sufuria miguuni pake, watoto wamemzunguka, anawagawia ukoko kipande kipande, na vile vyenye korosho anajiwekea pembeni.