Faini ya siku ya saba

Methodi yenyewe, yaani kipande cha programu ya Java kinachofanya kazi moja, ilikuwa na mistari 140 na jina lake lilikuwa "hesabu". Ndani mlikuwa na majina kama d, x, s, na tarakimu 7 kila pembe. Kazi yake ni kukokotoa faini za wanachama wa chama cha akiba na mikopo wanaochelewesha marejesho. Nilitamani kuifuta niandike upya, lakini watu walikuwa wanatozwa pesa kila siku kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo kwanza niliandika majaribio ya JUnit, zana ya kujaribu programu za Java, kwa mikopo 12 ya zamani, yahakikishe inatoka faini ileile iliyokuwa ikitoka, iwe sahihi au la. Ndipo nikagusa majina. Kwenye IntelliJ IDEA, programu ninayoandikia msimbo, Shift+F6 hubadilisha jina kila linapotumika. Majina niliyachukua kwa karani wa mikopo. Yeye husema rejesho, msamaha, faini. Basi d ikawa sikuZaKuchelewa, x ikawa rejesho. Hatua hiyo ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, kwani tangu hapo niliweza kumsomea karani sharti lolote naye akanielewa.

s == 2 niliigeuza kuwa enum, yaani orodha ya hali zenye majina: HaliYaMkopo.UMECHELEWA. Java ina enum tangu toleo la 5 la mwaka 2004, kwa hiyo hata mfumo mkongwe unaweza.

Kisha zile if (masharti) tano zilizomezana. Mkopo ukiwa umelipwa, rudisha BigDecimal.ZERO, yaani faini sifuri, pale juu, na mengine yafuate bila kujongezwa ndani. Hapa nilikosea: niligeuza sharti nikaacha && ("na") bila kuifanya || ("au"). Majaribio mawili yakaanguka papo hapo. Kwa kuwa kila badiliko nililihifadhi peke yake kwenye Git, zana inayotunza historia ya msimbo, kosa lilikuwa ndani ya mistari minne tu.

Mwisho nikaipa 7 jina: SIKU_ZA_MSAMAHA. Kumbe kwenye risiti imeandikwa sikuZaKuchelewa >= SIKU_ZA_MSAMAHA, na kwenye ripoti ya mwezi ni > tu. Katika ile mikopo 12, hakuna hata mmoja uliolipwa siku ya saba, ndiyo maana majaribio yalinyamaza.

Sikurekebisha hapohapo. Nilikwenda kaunta kwa yule karani.

"Dada, mtu akilipa siku ya saba anatozwa?"

"Hapana kaka, ya saba bado ni msamaha. Faini inaanza ya nane."

Nikaongeza jaribio la 13, nikafuta alama moja ya =, kisha tukaanza kupekua risiti za nyuma ili wanachama warudishiwe pesa zao.