Rushwa Isiyo na Bahasha

Shalom wapendwa. Wiki hii mstari mmoja umenikwama kooni, hautemeki wala haumezeki. Ni Kutoka 23:8, pale Bwana anapokataza rushwa kwa sababu "huwapofusha macho hao waonao". Mstari huu huwa tunaupita mbio tukidhani unawahusu trafiki na mahakimu. Usome tena polepole. Kipofu hahitaji kupofushwa. Rushwa inamfuata anayeona, tena mwenye macho makali kuliko wenzake.

Nimeuweka mstari huo kando ya maisha ya Sheldon Silver, aliyekuwa Spika wa bunge la jimbo la New York kule Marekani. Alizaliwa mwaka 1944 mtaa wa Lower East Side, Manhattan, akasomea sheria, akachaguliwa kuwa mbunge mwaka 1976, na mwaka 1994 akakalia kiti cha Spika. Hakukiachia kwa miaka 21. Bajeti ya jimbo lile huamuliwa na gavana, kiongozi wa Seneti na Spika wakiwa wamejifungia. Wenyewe wana msemo wao, watu watatu chumbani. Mwaka 2008 meya wa jiji, Michael Bloomberg, alitaka magari yanayoingia katikati ya Manhattan yatozwe ada. Mpango ulifia katika bunge la Silver bila kura hata moja kupigwa ukumbini. Na huyu hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na sauti ya chini, maneno machache, Myahudi mshika Sabato. Kitabu cha Kutoka hakikuwa kigeni kwake, kama kisivyo kigeni kwako wewe unayekuja ibada ya kwanza na Biblia yenye zipu.

Sasa angalieni jinsi fedha ilivyotembea, maana hapa ndipo wengi wetu tungepita bila kushtuka.

Kulikuwa na daktari bingwa, Robert Taub wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtafiti wa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu inayotokana na vumbi la asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika kwenye ujenzi. Wagonjwa wa namna hiyo hudai fidia kwa kampuni zilizotengeneza asbesto, na kesi zao ni za fedha nyingi. Silver, licha ya uspika, alikuwa amejiunga mwaka 2002 na kampuni ya mawakili ya Weitz & Luxenberg, inayoendesha kesi hizo. Wakili huchukua takriban theluthi ya fidia. Aliyemleta mteja hupewa theluthi ya hiyo theluthi. Piga hesabu: mgonjwa akilipwa dola 900,000, mawakili wanabaki na 300,000, na dalali wa mteja anaondoka na 100,000 bila kufungua faili hata moja. Daktari alikuwa akitoa majina ya wagonjwa, majina yanaingia kwenye kampuni kama wateja walioletwa na Silver. Kwa njia hiyo alipata kama dola milioni 3.

Daktari naye alipata nini? Spika alikuwa na fungu la fedha za afya za jimbo ambalo aliligawa kwa hiari yake. Kutoka humo utafiti wa Taub ulipewa dola 250,000, kisha dola 250,000 nyingine. Hakuna bahasha iliyopita chini ya meza. Pesa za jimbo zilikwenda kwenye utafiti wa saratani, jambo jema kabisa! Wagonjwa walipata mawakili wanaoijua kazi. Ukimuuliza yeyote kati yao angesema, "Nani kaumia hapa?"

Kisha daktari akaomba mara ya tatu, mwaka 2007. Wakati huo kanuni zilikuwa zimebadilika, fungu lile sasa lilitaka uwazi juu ya nani anapewa na kwa nini. Silver akalikataa ombi. Hapo nilisimama, ndugu zangu. Ugonjwa ulikuwa uleule, daktari yuleyule, utafiti uleule. Kilichoongezeka ni taa tu. Macho yalikuwa yanaona vizuri sana mahali ambapo mwanga ungeingia.

Mkondo wa pili ulifanana na wa kwanza. Wenye majumba makubwa ya kupangisha, ambao faida yao inategemea sheria za kodi ya pango zinazopitia kwa Spika, walipeleka mashauri yao ya kupinga kodi ya majengo kwenye ofisi ya wakili aliyewahi kufanya kazi na Silver. Ofisi ikamkatia fungu lake, jumla kama dola 700,000. Basi.

Wapendwa, nataka tukae hapa kidogo, na msinichukie. Tumefundishana kuiogopa bahasha, tukasahau kwamba Mithali 17 inaizungumzia rushwa inayotoka kifuani, mahali pa ukaribu, pa kukumbatiana. Rushwa ya kifuani haiitwi rushwa. Inaitwa asante, chai, kamisheni, takrima, "si unajua tunavyosaidiana". Wewe muuguzi unayemwambia mgonjwa aende duka fulani la dawa na si jingine, mwisho wa mwezi duka linakukumbuka. Wewe mwalimu mkuu ambaye sare za shule zinapatikana kwa fundi mmoja tu mjini. Mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa, naam, wa kanisa, ambaye saruji lazima inunuliwe kwa shemeji kwa sababu "ni mwaminifu". Labda bei ni nzuri. Labda saruji ni nzuri pia. Dawa alizoandikiwa mgonjwa zilikuwa halali. Swali ni hili: shemeji asingekuwa shemeji, ungeipitisha ankara ile bila kudai nyingine mbili za kulinganisha?

Mkono mtupu haulambwi, walisema wazee. Walikuwa wanaeleza dunia ilivyo. Hawakuwa wanatupa ruhusa.

Na lipo la kujitetea kwa vifungu vya sheria. Silver alikamatwa Januari 2015, siku moja baada ya kuketi na gavana kwenye hotuba ya hali ya jimbo. Novemba mwaka huohuo alikutwa na hatia kwa mashtaka yote saba. Wiki mbili hazijaisha, kiongozi wa Seneti, Dean Skelos, naye akakutwa na hatia katika kesi yake mwenyewe. Wawili kati ya watu watatu chumbani. Mwaka 2016 Silver alipewa miaka 12. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaifuta hatia hiyo, kwa kuwa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya aliyekuwa gavana wa jimbo la Virginia, ilikuwa imebana maana ya kitendo cha kiofisi, yaani kile ambacho kiongozi hukifanya kwa wadhifa wake hata ihesabike rushwa. Kesi ikarudiwa 2018, hatia ikarudi palepale, miaka saba. Rufaa tena, na Januari 2020 mashtaka ya upande wa daktari yakaanguka, ya wenye majumba na ya utakatishaji fedha yakabaki. Hukumu ya mwisho ikawa miaka sita na nusu na faini ya dola milioni 1.

Mawakili walikuwa na haki ya kubishana hivyo, sheria ya wanadamu lazima ipime maneno. Ila mpendwa, usiende mbele za Bwana na kifungu. Samweli alipokuwa anang'atuka (1 Samweli 12:3) hakuuliza kama kitendo chake kinaangukia tafsiri. Alisimama mbele ya Israeli yote akauliza ametwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, na ni mkono wa nani uliompa rushwa akafumba macho. Tena aliahidi kurudisha. Na wanawe mwenyewe walikuwa wamekwisha kuchafuka kwa jambo hilohilo, sura ya nane inasema, kwa hiyo swali lile halikuwa rahisi kinywani mwake.

Silver aliiomba mahakama isimwache afie gerezani. Alifariki Januari 2022, miaka 77, katika hospitali ya Massachusetts, akiwa bado mfungwa.

Wiki hii chukua karatasi. Upande mmoja andika kila uamuzi ulio mkononi mwako: zabuni, nafasi za kazi, nani ahudumiwe kwanza, saini yako inafungua nini. Upande wa pili andika waliokupa chochote mwaka huu, hata kuku, hata lifti ya kwenda msibani. Jina likitokea pande zote mbili, nenda kwa mkubwa wako uliseme kwa mdomo wako, kisha uombe uamuzi ule afanye mtu mwingine. Kama kipo cha kurudisha, Zakayo alirudisha mara nne. Anza na moja. Ijumaa kwenye maombi mje nazo karatasi. Hakuna atakayezisoma, mtazishika tu mkononi tukiwa tumepiga magoti.